Ushahidi wa Asiyeona

Barazani na mahakamani shahidi apendwaye ni yule aliyeona. Huulizwa aliona nini, wapi, na saa ngapi, na maneno yake huandikwa. Shahidi asemaye, "Nilikuwapo, nikatazama, wala sikuona kitu," huambiwa aketi, maana yadhaniwa kuwa hana la kusema. Desturi hiyo ni ya kale na ina sababu zake. Walakini ipo elimu moja, changa na iliyo mbali na mambo ya baraza, ambayo imempa shahidi huyu wa pili heshima isiyopungua sana ile ya wa kwanza. Ni elimu ya kuyatazama magimba madogo yaliyo pembezoni mwa milki ya jua yanapopita mbele ya nyota. Kutokana na elimu hiyo huzuka swali ambalo ni la maadili kuliko la falaki: mtu aliyetazama kwa uaminifu asione kitu ametoa nini, na anadaiwa nini na wale watakaolitegemea neno lake?

Yafaa jambo lenyewe lielezwe kwanza. Ng'ambo ya sayari Neptuni kuna mawe na barafu nyingi zilizotawanyika katika ukanda uitwao ukanda wa Kuiper. Magimba hayo yako mbali mno, na mengi ni madogo mno, hata darubini kubwa huyaonyesha kama nukta tu isiyokuwa na umbo. Lakini hapana gimba lisilokuwa na kivuli. Likikatiza baina ya nyota na dunia, kivuli chake, chenye upana ulio karibu sawa na upana wa gimba lenyewe, hupita juu ya uso wa nchi wakati wa usiku bila ya kuhisiwa na mtu, kwa kuwa mwanga wa nyota moja ni mdogo sana. Aliye ndani ya njia ya kivuli na mwenye darubini huiona nyota ikizimika ghafula, kisha ikawaka tena. Aliye nje ya njia huiona nyota iking'aa vile vile, kama kwamba hapana lililotukia. Kwa kuupima muda wa kuzimika, na kwa kujua mwendo wa kivuli, hupatikana urefu wa mstari mmoja uliokatwa katika gimba. Watazamaji wengi wakipangwa kwa kuvuka njia ya kivuli, hupatikana mistari mingi, na mistari hiyo ikiwekwa pamoja hudhihirisha umbo.

Wazo la kupata habari kwa nyota isiyoonekana si geni katika nchi hizi. Wakulima wa pwani waliitazama Kilimia kizazi baada ya kizazi, na methali yao yasema kwamba Kilimia kikizama kwa jua huzuka kwa mvua, kikizama kwa mvua huzuka kwa jua. Kutokuwapo kwa nyota zile angani kulikuwa habari kamili, sawa na kuwapo kwake. Tofauti ni kwamba Kilimia hutoweka kwa majuma, na kila mwenye macho hupata nafasi ya kuhakikisha; nyota inayofichwa na gimba la mbali hutoweka kwa sekunde moja au mbili, na aliyekosa amekosa.

Sasa na ifikiriwe miji miwili ya wilaya moja, Kilosa na Mikumi. Kilosa iko katika bonde la mto Mkondoa, penye reli ya kati. Mikumi iko kusini yake, karibu sawasawa katika mstari mmoja wa longitudo, kando ya barabara kuu iendayo Iringa na Zambia, jirani na hifadhi ya wanyama iliyoanzishwa mwaka 1964. Kwa mstari ulionyooka, baina ya miji hiyo ni kilomita 60 na kitu. Na ichukuliwe kwamba usiku mmoja wa kiangazi mstaafu wa reli ameketi na darubini Kilosa, na mwalimu wa shule ameketi na darubini Mikumi, na kivuli cha gimba lenye upana wa kilomita 30 kinakuja kutoka Bahari ya Hindi kuelekea magharibi. Mwendo wa kivuli cha namna hiyo waweza kufika kilomita 25 kwa sekunde. Njia ambayo misafara ya karne ya 19 iliikwea kwa majuma, kutoka pwani hata milima ya Usagara, kivuli huimaliza kwa sekunde 10 hivi. Kinapita juu ya Ulaya, kijiji kilicho kati ya Kilosa na Mikumi, ambacho jina lake limewapa wasafiri wengi nafasi ya kusema kuwa wamefika Ulaya bila ya pasi. Mstaafu haoni kitu. Mwalimu haoni kitu. Wote wawili wanaandika "hapana" na kwenda kulala.

Wametoa nini? Ikiwa hapakuwa na mtu Ulaya, wametoa kidogo, lakini si bure: wamethibitisha kwamba gimba halikupita juu ya Kilosa wala juu ya Mikumi, na kwamba likiwa limepita baina yao, basi upana wake haufiki kilomita 60. Lakini ikiwa Ulaya alikuwapo wa tatu, naye akaiona nyota ikizimika kwa sekunde moja, hapo thamani ya zile "hapana" mbili hupanda mara moja. Wa Ulaya ana mstari mmoja tu, wa mashariki na magharibi. Ajua gimba lina urefu gani pale lilipokatwa, lakini hajui limeenea umbali gani upande wa kaskazini wala upande wa kusini. Wanaomwekea mipaka ni wale wawili ambao hawakuona. Bila ya wao angeweza kudai kuwa ameona jitu, na hapana ambaye angeweza kumkanusha.

Mfano huu wa Kilosa na Mikumi ni wa kufikiriwa, lakini mambo yaliyo kama huo yametukia. Mwezi wa Juni mwaka 2014 darubini ya angani iitwayo Hubble iligundua gimba dogo lililo umbali wa zaidi ya kilomita bilioni 6 kutoka kwenye jua, na chombo cha Marekani New Horizons, ambacho kingepita karibu na Pluto mwaka 2015, kikapangiwa kulizuru baadaye. Kabla ya kulifikia, wataalamu walitaka kujua ukubwa wake na kama lilikuwa limezungukwa na vifusi viwezavyo kukidhuru chombo. Tarehe 3 Juni 2017 watazamaji walipangwa Afrika ya Kusini na Argentina, wakiwa na darubini za kubebeka. Usiku ule hapana hata mmoja aliyeiona nyota ikizimika. Mtu wa barazani angesema kuwa safari zile zote zilipotea bure. Wenye elimu yao hawakusema hivyo. Walisema kwamba yamkini gimba ni dogo kuliko lilivyodhaniwa, na kwamba vifusi vya kutisha havikuonekana. Kisha wakajipanga upya. Tarehe 17 Julai mwaka ule ule, huko Argentina, darubini 24 zilitandazwa, na 5 kati yake zikanasa kuzimika kwa nyota. Mistari ile mitano ilionyesha umbo la ajabu, kama magimba mawili yaliyogusana. Mwaka 2018 watazamaji walikwenda Senegal na Kolombia kuendeleza kazi. Chombo kilipofika tarehe 1 Januari 2019, kikapiga picha ya gimba lenye urefu wa kilomita 36 hivi, lenye vichwa viwili, kama ilivyokwisha kusomwa katika giza la Argentina. Mwezi wa Novemba mwaka 2019 likapewa jina la Arrokoth, neno la lugha ya Wapowhatan lenye maana ya anga, kwa idhini ya wazee wa Wapamunkey, wenyeji wa Marekani. Hilo lilikuwa jambo la adabu, nalo halikosi kufaa kukumbukwa, maana jina la mzaha lililotangulia lilikuwa limechukiwa na wengi.

Yapo mambo mengine ambayo aliye nje ya kivuli peke yake ndiye awezaye kuyaona. Tarehe 10 Machi 1977 kundi la James Elliot, likiwa ndani ya ndege yenye darubini juu ya sehemu ya kusini ya Bahari ya Hindi, lilianza kuitazama nyota mapema, kabla ya wakati ambao sayari Uranus ingeifunika. Nyota ikapepesa mara kadhaa kabla ya saa yake, na baadaye ikapepesa tena upande wa pili. Sayari ilikuwa na pete, na kwa ajili ya uvumilivu wa kutazama wakati ambapo haikutazamiwa kuwa na kitu, pete zikajulikana. Mwaka 2013 huko Amerika ya Kusini, Chariklo, gimba dogo lililo baina ya Zohali na Uranus, liligunduliwa kuwa na pete kwa njia iyo hiyo. Na baadhi ya waliozinasa pete hizo walikuwa watu ambao gimba lenyewe liliwapita kando.

Hapa yafaa tahadhari, maana sifa ya asiyeona yaweza kugeuka kuwa sifa ya kila mvivu. Watu milioni nyingi hawakuiona nyota ikizimika tarehe 3 Juni 2017, wengi wao kwa sababu walikuwa wamelala. Hao si mashahidi. Kuna maneno matatu ambayo ulimi wa kawaida huyachanganya kwa urahisi: "Niliona", "Nilitazama, mbingu ilikuwa safi, na halikuwapo", na "Sikuweza kuona." La tatu huvaa nguo za la pili mara nyingi kuliko mtu apendavyo kukiri. Mtu aliyezuiliwa na wingu husema "sikuona," na msikilizaji huandika "halikuwapo." Wingu limekwisha kuwa hoja.

Mfaransa Le Gentil aliijua tofauti hiyo kwa gharama kubwa. Mwaka 1760 aliondoka kwao kwenda Pondicherry ili kuitazama Zuhura ikipita mbele ya jua mwaka 1761. Vita vikamzuia kutua, na siku ilipofika alikuwa baharini, katika merikebu iliyoyumba. Zuhura aliiona, lakini kupima hakuweza. Akakaa katika visiwa na miji ya Bahari ya Hindi miaka minane, akingojea mara ya pili, mwezi wa Juni mwaka 1769. Asubuhi ile, Pondicherry, wingu likatanda. Aliporudi Ufaransa mwaka 1771 alikuta amehesabiwa kuwa amekufa, na warithi wako mbioni kugawana mali yake. Kwa taabu kama hizo angeweza kushawishika kuongeza vipimo viwili vitatu. Hakuongeza. Aliandika kuwa aliona wingu.

Wanazuoni wa fikihi walilikuta swali hili zamani, katika jambo la kuandama kwa mwezi. Kanuni yao yasema kwamba mwenye kuthibitisha hutangulizwa kuliko mwenye kukanusha, kwa kuwa ana ziada ya elimu. Mtu mmoja mwadilifu aliyeuona mwezi hashindwi na kumi ambao hawakuuona, maana wale yamkini walitazama pengine. Lakini madhehebu ya Hanafi yakaweka kipambanuzi chenye hekima: mbingu ikiwa na wingu, shahidi mmoja hukubaliwa, mbingu ikiwa safi, hutakiwa kundi kubwa, kwa sababu haiingii akilini mmoja aone na umati wote wenye macho mazima usione. Yaani katika mbingu safi kutoona kwa wengi kumegeuka kuwa ushahidi wenye uzito, na katika mbingu ya mawingu kumerudi kuwa ujinga wa kawaida. Waliyanena hayo bila ya darubini.

Kishawishi kikubwa ni kile cha kuona. Tarehe 26 Machi 1859 mganga mmoja wa kijiji cha Ufaransa, Lescarbault, aliona nukta nyeusi ikipita mbele ya jua. Le Verrier, mwanafalaki mkubwa ambaye hesabu zake ziliongoza kugunduliwa kwa Neptuni mwaka 1846, alikuwa amekwisha kutabiri kuwa ipo sayari ndani ya njia ya Utaridi. Akamwendea mganga, akamhoji kwa ukali, akaridhika. Mganga akapewa nishani ya heshima, na sayari ikapewa jina la Vulcan. Lakini Mfaransa mwingine, Liais, aliyekuwa Brazil, alitoa neno kwamba saa ile ile alikuwa akilitazama jua kwa darubini yenye nguvu zaidi, na nukta hakuiona. Neno lake halikupata nishani. Kwa miaka mingi watu waliendelea kuitafuta Vulcan, na wengine wakaiona, hata mwaka 1915 Einstein alipoeleza mwendo wa Utaridi bila ya kuhitaji sayari yoyote. Lescarbault si lazima awe mwongo. Jicho lililoandaliwa kuona hupata la kuona. Lakini dunia ilimlipa aliyesema "ndiyo" na kumsahau aliyesema "hapana," na kila dunia ilipavyo namna hiyo huzaa mashahidi wa namna ile.

Yupo pia mwenye kosa la kinyume, ambaye "hapana" yake ni kubwa kuliko macho yake, na kosa hilo halikuishia angani. Amri ya Kaizari ya tarehe 26 Novemba 1895 ilisema kwamba ardhi isiyokuwa na mwenyewe katika Afrika ya Mashariki ya Kijerumani ni mali ya dola. Swali ni hili: ni nani aliyeona kuwa haina mwenyewe? Msafiri aliyefuata njia ya msafara alikata mstari mmoja tu katika nchi. Mahali aliposema "hapana watu" palikuwa na shamba lililopumzishwa, au makaburi, au kijiji kilichohamia kando ya njia ili kuepuka wapagazi wenye njaa na watu wenye bunduki. Yeye alisema alilolipata katika mstari wake. Wakubwa wake wakalieneza neno hilo juu ya mabonde na nyanda ambazo mstari haukuzigusa. Baadaye Kilosa na Kimamba zikawa nchi ya mashamba makubwa ya mkonge, na wenyeji wengi wakajikuta vibarua katika ardhi ambayo ushahidi wa kutoona ulikuwa umesaidia kuitwaa. Mtazamaji wa Mikumi asiyeona kivuli hana haki ya kusema lolote juu ya Ulaya. Kama kanuni hiyo ndogo ingalitiiwa na maofisa wa ardhi, historia ya wilaya hii ingalikuwa na sura nyingine.

Basi asiyeona anadaiwa mambo mawili yanayovutana: asiinyime dunia "hapana" yake kwa kuidharau, wala asiipe "hapana" iliyo kubwa kuliko mahali alipoketi na muda aliokuwa macho. Na deni haliko upande mmoja. Usiku ule wa Julai 2017 mji wa Comodoro Rivadavia ulizima taa za barabarani, barabara kuu ikafungwa kwa saa mbili, na malori yakapangwa ili yawe ukingo wa upepo mkali. Watu walioketi gizani majumbani mwao hawakuona nyota wala darubini. Walichotoa ni giza. Ni rahisi kusifu jambo hilo kwa mbali. Barabara ya Mikumi hupita ndani ya hifadhi kwa kilomita 50 hivi, na malori hupita usiku na mchana, na taa zao haziwapofushi watazamaji wa nyota tu, bali na wanyama wanaokufa barabarani. Anayemtaka dereva apunguze mwendo na mwanga kwa ajili ya swala au kwa ajili ya nyota hana budi kukumbuka kwamba dereva naye hulipwa kwa kufika, na tajiri wake hayuko Mikumi.

Inabaki hali moja ambayo wanaopanga darubini huijua, lakini huisemea kwa sauti ndogo. Na arudi yule mwalimu wa Mikumi. Amekesha saa mbili. Sekunde ile kivuli kilipotazamiwa, lori lilipita, taa zake zikamurika ukuta, akageuza uso, labda kwa sekunde mbili, labda kwa moja. Alipoirudia darubini, nyota ilikuwa ikiwaka kama mwanzo. Siku hizi wengi hutumia kamera isiyogeuza uso. Lakini kamera nayo huwa na saa iliyokosewa, na anayejua kuwa ilikosewa ni mwenyewe peke yake. Asubuhi anaulizwa. Wa Kilosa amekwisha kuandika "hapana." Wa Ulaya ameandika "ndiyo." Mpaka wa kusini unamngojea yeye. Akiandika "hapana," umbo litafungwa vizuri, jina lake litakuwa katika orodha, na hapana mtu duniani awezaye kumsuta, kwa maana kivuli kile hakirudi. Yaelekea hata atakuwa amesema kweli, kwa kuwa Mikumi iko mbali na katikati ya njia. Akiandika "sikuweza kuona," mchoro utabaki wazi upande mmoja, na wenzake waliosafiri kutoka mbali watamtazama kwa jicho la huzuni.

Anafungua daftari. Anaandika saa, hali ya mbingu, jina la nyota. Kisha anaandika kuhusu lori.